Tarumbeta ya Baba Haitoki Bila Wewe

Mpendwa mdogo wangu Anaeli,

Najua utashangaa kuikuta barua hii mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Nilitaka kukuandikia wewe peke yako. Kisha nikakumbuka kwamba wewe ulimsema Baba mbele ya ukumbi mzima wa watu wasiomjua, tena kwa lugha ambayo mimi siielewi. Basi na mimi nakujibu hadharani, kwa Kiswahili, ili anayetaka kusikia upande wa nyumbani asikie.

Huku hatujambo. Masika yameanza, njia ya kupanda nyumbani kwetu imekuwa tope tupu, na mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Kahawa imechanua vizuri upande wa chini, kule karibu na mfereji. Upendo anasema shikamoo Mjomba. Hizo ndizo salamu. Sasa tuzungumze habari ya tarumbeta.

Mwezi huu umenipigia simu mara tatu, wewe ambaye kwa kawaida nakusikia Krismasi. Mara ya kwanza uliniuliza magoti yangu yanaendeleaje, ukauliza ng'ombe, ukauliza mvua, na nilipokuwa nimeanza kufurahi ukasema, kama jambo lililokujia hapo hapo, "Dada, hivi ile tarumbeta ya Baba bado ipo?" Nikasema ipo, juu ya kabati, hapa kwangu Elerai. Mara ya pili ukauliza kama kile kitufe cha kati bado ni kizito. Nikakuambia sijui, sijaigusa. Mara ya tatu ukasema kuna wageni wa kanisa kutoka huko Ujerumani watakaokuja kuutembelea usharika wetu, wana nafasi kwenye mizigo, nimpe mmoja wao akubebee. Ukaongeza kwamba tafadhali nisiipeleke kwa fundi kwanza.

Hapo ndipo machale yaliponicheza. Unanijua mimi. Nimetunza stoo ya shule ya bweni mpaka nikastaafu, na kazi ile ilinifundisha kumshuku mtu anayeniuliza habari za afya kabla ya kuomba sukari. Mtu anayetaka kitu kizima haulizi kama bado ni kibovu. Mtu anayetaka kitu kibovu, tena akasisitiza kisitengenezwe, huyo ana jambo lake.

Nilimwuliza Mzee Elirehema, aliyepokea uongozi wa bendi ya tarumbeta baada ya Baba. Nilimkuta nje ya kanisa, amekaa kwenye benchi anasugua viatu vyake tope.

"Anaitaka ya nini?" akaniuliza. "Huko hawana tarumbeta?"

"Wanazo, tena nyingi."

"Nzima?"

"Nzima, Mzee."

Akafikiri kidogo. "Basi ataiweka kwenye kioo. Wataandika hapo chini, tarumbeta ya Mwafrika mmoja wa mlimani. Watu watapita wanaiangalia, yeye anawaelezea."

Nilicheka, lakini usiku ule kicheko kiliniishia. Nilianza kukuona umesimama karibu na hicho kioo, umevaa lile koti lako jeusi lenye mkia, unaeleza. Na nilichokuwa nakiogopa si kile kioo. Niliogopa kwamba ungeeleza vizuri.

Unaikumbuka ile tarumbeta ilivyoharibika? Mimi nakumbuka, nilikuwepo jikoni. Baba alikuwa analalamika kwamba vitufe vimekuwa vikavu, na mafuta yake maalumu yalikuwa yamekwisha, na Pasaka ilikuwa kesho. Mama akasema apake samli. Nyumbani kwetu samli ilitibu kila kitu, kuanzia visigino vilivyopasuka hadi bawaba za mlango. Baba akapaka, akajaribu pale pale karibu na moto, ikatoa sauti safi. Alfajiri tukatoka na usharika, kama kila Pasaka, kwenda kuwaimbia waliolala. Wewe ulikuwa umevaa sweta langu la shule, mikono imekuzidi, umeshika taa ya chemli kwa mikono miwili kama vile ni sahani ya sadaka. Tulipofika makaburini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na baridi ile unaijua. Samli ikaganda ndani ya tarumbeta.

Kitufe cha kati kikawa kikibonyezwa hakitaki kupanda upesi. Ile sauti ya juu katika mstari wa tatu wa wimbo wa Pasaka, mahali ambapo kila mtu anainua kidevu, ikatoka chini kidogo. Baba hakusimama. Makaburini husimamishi wimbo, kwa sababu, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, waliolala pale wanasubiri kwa mwaka mzima. Ubeti wa pili ikatoka chini vilevile. Watu waliokuwa wanaimba wakamfuata. Na mwaka uliofuata, ingawa samli ilikuwa imekwisha kusafishwa kwa maji ya moto, kitufe kilikuwa hakijapona, na watu hawakuhitaji tena kufuata. Walikuwa wameshajua hivyo. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakujua namna nyingine ya kuuimba.

Baada ya ubeti wa pili Baba alikuwa anaiondoa tarumbeta mdomoni, anakung'uta mate, anaigeuza, anakung'uta tena. Kisha anageuka nyuma kututafuta kwa macho, Mama, mimi, na wewe na taa yako. Akishatuona wote, anageukia makaburi na ubeti wa tatu unaanza. Usharika mzima ulikuwa unasubiri, na hakuna aliyekohoa.

Wewe ulianza mapema kutojali taa. Nilikuwa nakuona unaangalia mikono ya Baba. Baadaye ukawa unaongoza kwaya ya watoto kwa kijiti ulichokata kwenye mti wa kahawa, na Mama akakuchapa kwa kijiti kilekile kwa sababu ulikata tawi lenye maua. Halafu yule mwalimu Mjerumani aliyekuja kufundisha kinanda akakusikia, akaongea na Baba sebuleni, chai ikapoa, na tukajua unaondoka. Siku ya kuagana kanisani ulivaa suti ya kuazima. Baba alipiga tarumbeta, Mama aliomba kwa Kimeru mpaka mchungaji akaanza kuangalia saa.

Sisemi kwamba hukufanya kazi. Nasema kweli, ulifanya. Ulituandikia kwamba ulifagia ukumbi ambao baadaye wewe ulikuja kusimama jukwaani mwake. Uliongoza kwaya za vikongwe vijijini, ukawa msaidizi wa huyu, msaidizi wa yule, mpaka siku moja ukatuma picha, umeinua mikono na mbele yako kuna watu zaidi ya madarasa mawili, kila mmoja na ala yake. Baba aliibeba picha ile mfukoni mpaka ikapasuka kwenye mkunjo. Alimwonyesha kila mtu. "Huyu ni mwalimu wa kwaya ya Wazungu," alisema, "ila hawaimbi, wanapiga." Mtu mmoja sokoni kule Levolosi akamwuliza, na mwanao anapiga nini? Baba akasema, hapigi chochote, anapunga mikono tu. Yule mtu akauliza, sasa kazi yake nini? Baba akafikiri, akasema, "Wote wale wanamwangalia yeye kwanza." Alilisema kwa fahari sana.

Kisha ukaja likizo, ile mara ya kwanza. Tulikuwa mezani, Mama amepika loshoro, mahindi yake na maziwa ya mgando, kwa sababu ulikuwa umeiota, ulisema. Ukaweka kijiko chini ukamwambia Baba, "Ile noti ya mstari wa tatu unaikosea. Na usharika mzima unakosea pamoja na wewe."

Mama aliacha kutafuna. Mimi nilitaka kukufinya chini ya meza kama zamani.

Baba akasema, "Basi angalau tunakosea pamoja."

Tulicheka sisi, wewe hukucheka. Uliimba mstari ule namna unavyotakiwa, pale mezani, kwa sauti nzuri ambayo sikujua unayo. Baba alikusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nzuri. Hiyo ya kwako ni nzuri." Na Jumapili akapiga ileile yake. Tangu siku hiyo, Anaeli, nikawa na shaka juu yako. Nilidhani umetoka kwetu ukaenda mahali ambapo sisi ni kosa la kusahihishwa, na kwamba adabu yako tu ndiyo inayokuzuia kutucheka.

Halafu Baba akafa, na wewe ulikuwa na onyesho. Nayakumbuka maneno yako. "Dada, nikiondoka sasa hakuna wa kusimama mahali pangu." Nikakuuliza, na hapa nani asimame mahali pako? Nikasikia watu nyuma yako wanajaribu ala zao. Udongo ambao ulikuwa wa mkono wako niliutupa mimi. Watu waliuliza, Anaeli yuko wapi, nikajibu yuko kazini, na walivyoitikia nilijua wanachofikiri. Niliumia. Sikukuambia wakati ule, nakuambia leo.

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyokuwa siku ile, baada ya simu yako ya tatu, Upendo aliponiletea simu yake akasema, "Mama, Mjomba ametunga kitu kinaitwa Alfajiri ya Meru. Amekitoa kwa Babu, kwa kumkumbuka."

Amekitoa kwa Babu. Hakutoa udongo, anatoa muziki. Nilikaa kwenye kochi na miwani yangu nikiwa tayari nimekasirika. Ukaonekana umesimama, unaongea Kijerumani, nikasikia jina la Baba katikati ya maneno yale yote. Watu wakapiga makofi. Ukawapa mgongo, ukainua mikono. Mwanzoni sikuelewa kitu, ala zilikuwa zinavuma chini chini, nikamwambia Upendo hii ni mashine ya kukoboa. Kisha zote zikashuka na tarumbeta moja ikaanza wimbo wetu wa Pasaka.

Ilipofika mstari wa tatu, ikashuka. Ile noti. Ulikuwa umeiandika vibaya kwa makusudi.

Na kidogo baadaye, wewe ukageuza kichwa kuwaangalia watu ukumbini, na nikasikia kicheko. Si kikubwa, lakini nilikisikia. Nikamrudishia Upendo simu yake. Nikamwambia, mjomba wako amempeleka Babu yako kuchekwa Ulaya, na sasa anataka na tarumbeta yenyewe, ionekane vizuri. Niliposema hivyo nililia, na Upendo hakujua ashike wapi.

Sasa umeelewa kwa nini, baada ya simu zako tatu, sikukuamini hata kidogo.

Nilitaka kuishia hapo. Barua ingekuwa fupi, na ingekuwa kali kuliko hii. Lakini Mzee Elirehema aliniambia jambo jingine siku ile kwenye benchi. Alisema bendi sasa ina tarumbeta mpya, na vijana wanasoma nota vizuri, na ile noti wameisahihisha. "Sisi tunapiga sawasawa," akasema, "lakini wazee wanaimba ya baba yako. Kila Pasaka tunagongana nao pale pale. Nimechoka kuwakataza." Nikaenda nyumbani na jambo hilo. Nikajiuliza, kama hata hapa wameshaisahihisha, hiyo mbovu inapigwa wapi tena?

Jumapili baada ya ibada nilimwomba Upendo simu. Nilikuwa napiga pasi, nikaiegemeza kwenye kikapu cha nguo. Safari hii sikutaka kukuangalia wewe, nilitaka kusikia tu. Tarumbeta ikaanza, ubeti wa kwanza, noti ikashuka mahali pake. Ubeti wa pili, ikashuka tena. Kisha simu ikanyamaza.

"Upendo," nikaita, "bando lako limekwisha."

Akaja akaangalia. "Lipo, Mama. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo nini? Mbona kimya?"

"Ni kimya tu. Subiri."

Nikainama kuangalia. Wapigaji wote wamekaa, ala zao ziko magotini, hakuna anayefanya kitu. Mpiga tarumbeta ameishusha yake, anaikung'uta. Na wewe, mdogo wangu, umeshusha mikono, umegeuka, unaangalia nyuma. Huangalii ukumbi wote. Unaangalia upande mmoja, halafu chini kidogo, mahali ambapo angekuwa amesimama mtoto mwenye taa. Watu hawajui wafanye nini. Mmoja anadhani imekwisha, anapiga makofi mara moja, anajikuta peke yake, na majirani zake wanacheka. Hicho ndicho kicheko nilichokisikia. Wewe hukumjali. Ulitafuta mpaka ukamaliza, ukageuka, na ubeti wa tatu ukaanza.

Pasi iliunguza kola ya blauzi yangu ya kanisani. Hiyo utanilipa.

Sasa nisikilize vizuri. Sijasema nimekuamini. Inawezekana ni ujanja wa jukwaani, ninyi watu wa jukwaani mna mengi. Inawezekana uligundua kwamba kimya kinawashika watu wa huko kuliko kelele. Nimelipindua jambo hili kila upande, kama nilivyokuwa napindua magunia ya maharage kutafuta lililotobolewa na panya. Lakini kuna kitu sikukipatia jibu. Kimya kile hakikuandikwa kwenye kitabu chochote cha nyimbo. Mama hayupo, Baba hayupo. Waliosimama nyuma ya Baba waliona mgongo wake tu na kichwa kikigeuka, walidhani anatazama kama watu wamefika. Tuliobaki tunaojua alikuwa anamtafuta nani ni wawili. Mmoja ni mimi, na mimi sikukuambia uandike.

Nikaelewa na habari ya fundi. Mpiga tarumbeta wako ni hodari, anaishusha ile noti kwa kukusudia, na inasikika kwamba anakusudia. Ya Baba ilikuwa inashuka yenyewe huku yeye akiisukuma ipande. Unaitaka ile iliyosukumwa. Nadhani hivyo. Kama nimekosea, utaniambia uso kwa uso.

Maana jibu langu kuhusu wageni ni hapana. Wamekuja, ni watu wazuri, wamekula ndizi zangu na kuzisifu, na mmoja wao mama mnene mwenye kicheko kizuri aliniuliza kwa Kiswahili cha kujifunza, "Mzigo wa Bwana Anaeli uko wapi?" Nikamwambia mzigo upo, mwenyewe hayupo. Stoo ile niliyoitunza haikutoa hata ndoo kwa mtu aliyetumwa. Wameondoka na kahawa yangu, tarumbeta imebaki.

Sijaipeleka kwa fundi. Nimeishusha juu ya kabati, nimeifuta vumbi kwa nje tu. Nilibonyeza kitufe cha kati, kikashuka, kikasita, kikapanda polepole. Unaweza kunusa samli ukiweka pua karibu, au ni mimi ninayependa kuamini hivyo.

Pasaka inakuja. Nimeongea na Mzee Elirehema. Alisema vijana watakasirika, akasema tena kwamba bendi ni yake na wimbo mmoja si mwisho wa dunia. Wataacha nafasi mbele. Pale makaburini njia bado ni ileile, ukungu ni uleule, na Baba naye yupo sasa upande wa wanaosubiri. Njoo uipulize wewe. Usivae lile koti lenye mkia, utalivuta tope.

Usiponiona huna haja ya kuhangaika, nitakuwa nyuma yako upande wa kulia, mahali petu, na taa nitaishika mimi. Baada ya ubeti wa pili iondoe mdomoni, kung'uta mate, ugeuke. Utaniona nakutazama kwa jicho baya, kwa sababu mpaka dakika hiyo nitakuwa bado sijakuamini. Chukua muda wako. Usharika utasubiri, na safari hii ukitafuta, utapata mtu.

Dada yako,
mwenye taa